Sura ya Saba: Damu Haikaririki

Kwa wanafunzi wengi wa udaktari, magonjwa ya damu husomwa mwisho. Moyo umeshakula wiki mbili, figo nazo zimechukua zao, na pepa iko karibu mtu anapofungua desa la hematolojia na kukuta orodha: upungufu wa damu wa aina kumi na kitu, lukemia nne kubwa, vigandishi vya damu vyenye namba za Kirumi zisizofuata mpangilio wowote unaoeleweka. Anaanza kukariri. Jioni ikifika ameshachanganya feritini na transferini, na kwenye kimbweta cha jirani kuna mwenzake anayetaja majina ya dawa kwa sauti kama karani anayesoma daftari la wapiga kura.

Mimi nasema orodha hiyo iwekwe pembeni kwanza. Ukijua seli inazaliwa wapi, inaishi siku ngapi na inafia wapi, sehemu kubwa ya magonjwa utayaunda mwenyewe kichwani, na dawa zitakaa mahali pake bila kulazimishwa.

Seli nyekundu hutengenezwa kwenye uloto kwa amri ya eritropoietini, homoni inayotoka kwenye figo. Huishi siku zipatazo 120, kisha humezwa na makrofaji za bandama na ini. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Neutrofili hukaa kwenye mzunguko wa damu kwa saa kadhaa tu. Sasa mchukue mgonjwa ambaye uloto wake umezimwa ghafla, tuseme kwa dawa za saratani. Atakosa neutrofili kwanza, apate homa. Chembe sahani zitafuata, fizi zianze kuvuja. Weupe wa viganja utachelewa, kwa sababu seli nyekundu alizokuwa nazo bado zina wiki nyingi za kuishi. Hakuna aliyekuambia ukariri mfuatano huo, umetoka kwenye tarakimu tatu.

Hb, yaani kiwango cha himoglobini, ikishuka, kuna maswali matatu ya kujiuliza. Seli hazitengenezwi? Zinavunjwa kabla ya wakati? Au zinatoka nje ya mwili? Kipimo kinachoitenga njia ya kwanza na hizo nyingine ni hesabu ya retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa zilizotoka kwenye uloto siku moja au mbili zilizopita. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama asilimia 1 hadi 2. Uloto mzima ukihisi upungufu humwaga changa kwa wingi. Zikibaki chache wakati Hb ni 6, ujue shida iko kwenye uloto wenyewe au kwenye malighafi zake. Kuna mtego mmoja hapo: majeruhi wa bodaboda aliyetokwa damu nyingi saa moja iliyopita anaweza kuwa na Hb ya kawaida na retikulosaiti za kawaida. Maji ya mwili hayajaingia kwenye mishipa kuipunguza damu nguvu, na uloto unahitaji siku kadhaa kujibu. Watunga mitihani wanaipenda sana saa hiyo moja.

Baada ya retikulosaiti ndipo utazame MCV, ukubwa wa wastani wa seli nyekundu, ambao kwa mtu mzima huwa kati ya femtolita 80 na 100. Seli zikiwa ndogo na zimepauka, wazo la kwanza ni madini ya chuma. Na hapa nina neno na vitabu tunavyosomea. Vingi vimeandikwa Uingereza na Marekani, na ndani yake mzee wa miaka 65 aliyepungukiwa chuma ana saratani ya utumbo mpana hadi ithibitishwe kuwa hana. Ni kweli, na hata kwetu mzee huyo anastahili kuchunguzwa utumbo. Lakini mgonjwa anayejaza kliniki zetu ni mama aliyezaa mfululizo, au mtoto anayetembea peku shambani akiwa na minyoo ya safura. Mnyoo mmoja wa aina ya Ancylostoma hunyonya hadi mililita 0.2 za damu kwa siku. Zidisha kwa minyoo mia, kisha kwa mwaka mzima, uone kama utahitaji kukumbushwa albendazole.

Kwa hiyo jibu la tiba lina sehemu mbili, na mwanafunzi anayeandika moja hupata nusu ya alama. Rudisha chuma, kwa vidonge vya ferasi salfeti vya miligramu 200, ambavyo kila kimoja kina chuma halisi kama miligramu 65. Endelea miezi mitatu baada ya Hb kurudi kawaida ili ghala la mwili lijae. Halafu ziba pale chuma kinapovujia: minyoo, hedhi nzito, kidonda cha tumbo, lishe.

Mtego wa pili uko kwa mtu mwenye Hb 11.4, MCV 64, lakini idadi ya seli nyekundu milioni 6 kwa kila mikrolita. Aliyeishiwa chuma hatengenezi seli nyingi kiasi hicho. Huyu ana thalasemia ya kurithi. Kitabu kitakuambia upime HbA2, ambayo hupanda kwa mbebaji wa beta-thalasemia. Kwenye pwani yetu, hata hivyo, alfa-thalasemia ndiyo iliyoenea zaidi, na hiyo haiipandishi HbA2. Mgonjwa wa Kilifi mwenye seli ndogo, feritini nzuri na HbA2 ya kawaida hajavunja kanuni yoyote. Usimjaze vidonge vya chuma.

Seli zikiwa kubwa, fikiria foleti na vitamini B12, ambazo zote mbili zinahitajika ili DNA itengenezwe. Kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi hapa ni cha Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyekwenda Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchunguza wajawazito wa viwanda vya nguo waliokuwa wakifa kwa upungufu wa damu wenye seli kubwa. Wakati huo tayari ilijulikana kwamba maini hutibu anemia hatari, ambayo leo tunajua ni ya kukosa B12. George Minot na William Murphy walitangaza hivyo mwaka 1926 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel, pamoja na George Whipple, mwaka 1934. Wills akagundua kwamba wagonjwa wake walipona kwa Marmite, ile rojo nyeusi ya hamira ambayo Waingereza hupaka kwenye mkate. Alichapisha mwaka 1931. Kilichokuwamo ndani ya hamira, ambacho leo tunakiita foleti, kilipata jina miaka kumi baadaye. Ukikikumbuka kisa hiki utakumbuka pia kwamba maradhi hayo ni mawili yenye sura moja kwenye hadubini, na kosa la hatari ni kumpa foleti peke yake mgonjwa anayekosa B12. Damu itapona, Hb itapanda, kila mtu atafurahi, na huku mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo inaendelea kuharibika.

Kwa mtahiniwa wa Afrika Mashariki kuna nyongeza ambayo vitabu vya kigeni huipita. Mjamzito hupewa SP (sulfadoksini na pirimethamini) kuzuia malaria. SP huua kimelea kwa kuifunga njia yake ya foleti. Ukimpa mama huyo asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku, unamsaidia kimelea. Kiwango cha kliniki ya wajawazito, mikrogramu 400, hakina tatizo hilo.

Selimundu inastahili muda wako kuliko ugonjwa mwingine wowote wa damu. Tanzania iko miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo, na maswali yake yanaweza kutokea kwenye pepa ya watoto, ya dharura, ya uzazi, hata ya upasuaji. Maelezo ya kwanza kuchapishwa kwenye majarida ya kitabibu ya Magharibi yalitoka Chicago mwaka 1910, James Herrick alipoeleza damu ya mwanafunzi kutoka Grenada, ingawa aliyeziona seli hizo za mundu kwenye hadubini, miaka sita kabla, alikuwa daktari wake tarajali, Ernest Irons. Watarajali wa leo wanaolalamika kwamba kazi ni yao na sifa ni za bosi wana historia ndefu nyuma yao. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa liko kwenye molekuli ya himoglobini yenyewe, na Vernon Ingram akalipata mahali lilipo: asidi amino moja tu, ya sita kwenye mnyororo wa beta, ambapo glutamati imeachia nafasi valini.

Kwa nini kosa kama hilo lisifutike kwa vizazi? Jibu lilitoka huku. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, akakuta wabebaji wengi kwenye pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache mno kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya wabebaji ilifuata ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS, yaani mbebaji, analindwa dhidi ya malaria kali. Kumbuka ni AS. Mwenye SS, yaani mgonjwa mwenyewe, hana kinga hiyo ya kutegemea. Malaria ni mojawapo ya vitu vinavyomuua, ndiyo maana hupewa dawa ya kuizuia. Swali linalochanganya hayo mawili limeangusha watu wengi.

Sasa twende kwa utaratibu wetu. Seli ya SS ikitoa oksijeni, himoglobini zake hushikana zikawa vijiti virefu, seli ikapinda na kukakamaa. Badala ya siku 120 inaishi 10 hadi 20. Toa hitimisho mwenyewe: uloto lazima ufanye kazi mara nyingi zaidi, kwa hiyo retikulosaiti ziko juu daima, foleti inatumika haraka, na bilirubini ya seli zilizovunjika inayapaka macho manjano. Seli ngumu huziba mishipa midogo, basi kuna maumivu ya mifupa, vidole kuvimba kwa mtoto mdogo, kiharusi, mapafu kuzibika. Bandama huzibwa mara kwa mara mpaka inakauka, na mtoto asiye na bandama hana ulinzi dhidi ya nimonia ya bakteria wa pneumokokasi.

Kila tiba inajibu hatua mojawapo kati ya hizo. Bandama imekufa: penisilini kila siku na chanjo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1986 lilionyesha penisilini ikipunguza maambukizi ya pneumokokasi kwa asilimia 84, likasimamishwa mapema kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la pili. Foleti inaisha: asidi ya foliki. Himoglobini zinashikana: ongeza himoglobini ya kichanga, HbF, ambayo haijiungi kwenye vijiti hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya haidroksiurea. Kwa muda mrefu wengi walihofia kwamba barani Afrika dawa inayopunguza seli nyeupe itawaacha watoto mikononi mwa malaria na maambukizi mengine. Jaribio la REACH, lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale na kuchapishwa mwaka 2019, lilikuta kinyume chake: maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Anayeulizwa sababu ya kupima damu mara kwa mara kwa mtoto aliye kwenye haidroksiurea ajibu kwa kurudi kwenye uloto: tunaangalia neutrofili na chembe sahani zisishuke kupita kiasi.

HbF ndiyo inayoeleza pia kwa nini mtoto wa SS huonekana mzima miezi ya mwanzo. Mpaka karibu nusu mwaka bado ana himoglobini ya tumboni inayomkinga. Kipimo cha haraka cha kuyeyusha kinaweza kusema hana kitu wakati anacho. Mtoto mchanga apimwe kwa njia inayotenganisha aina za himoglobini.

Watoto wawili wenye SS wanaletwa usiku mmoja, wote Hb 3.8, wote wamedhoofu. Wa kwanza ana bandama iliyofika kitovuni na retikulosaiti nyingi. Damu yake imenaswa kwenye bandama. Wa pili bandama haigusiki, na retikulosaiti karibu hazipo. Kirusi cha parvo B19 kimeusimamisha uloto wake kwa siku chache tu. Kwa mtu wa kawaida siku hizo hazionekani, lakini kwa mtoto ambaye seli zake zinaishi wiki mbili ni maafa. Ukiwa na hesabu ya retikulosaiti mkononi, swali la alama kumi limekwisha.

Hawa wote wawili wanahitaji damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto mwenye Hb chini ya 4 aongezewe damu, na wa kati ya 4 na 6 aongezewe akiwa na dalili za hatari. Jaribio la TRACT la Uganda na Malawi, lililochapishwa mwaka 2019, liliunga mkono subira kwa wa kundi la pili wasio na dalili hizo, ilimradi waangaliwe kwa karibu. Mwenye selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa na Hb yake ya kila siku ni 7.5 hatibiwi kwa damu. Anatibiwa kwa dawa za maumivu zenye nguvu, mofini ikibidi, na maji ya kutosha. Nimeona majibu mengi mazuri yakiharibika kwenye sentensi ya mwisho: "na aongezewe chupa mbili". Kabla ya damu yoyote kuingia, chukua sampuli za vipimo vya himoglobini. Seli za mchangiaji zikishaingia, utasubiri miezi mitatu kupata jibu safi.

Angalia pia mwaka wa kitabu chako. Voxelotor imo kwenye madesa mengi kama dawa mpya ya selimundu. Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote Septemba 2024. Upande wa pili, tiba ya kuhariri jeni inayoufungua tena mlango wa HbF iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Bei yake kwa sasa inaifanya iwe habari ya kusoma zaidi kuliko ya kuandikia mgonjwa wetu.

Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD nitaupitia haraka. Seli haina kinga dhidi ya oksidisho, mgonjwa anakunywa primakwini au dapsoni, mkojo unakuwa mweusi. Dawa ya malaria iliyochanganya klorproguanili na dapsoni, iliyotumika Afrika, iliondolewa mwaka 2008 kwa sababu hiyo hasa. Mtego ni kupima kimeng'enya siku ileile ya shambulio: seli kongwe zimeshavunjika, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, jibu linatoka zuri. Rudia baada ya wiki kadhaa.

Kuganda kwa damu huwatisha watu kwa sababu ya mchoro wa namba za Kirumi. Uache mchoro, mwangalie mgonjwa. Chembe sahani zikikosekana, damu huvuja juu juu: vidoa kwenye ngozi, fizi, pua, hedhi isiyokoma. Vigandishi vikikosekana, huvuja ndani: goti limevimba, msuli una bonge. Mvulana mwenye goti la namna hiyo, APTT ndefu na PT ya kawaida ana hemofilia, ama A ya kukosa kigandishi cha nane, ama B ya cha tisa. Apewe kigandishi anachokosa, asipewe aspirini wala sindano ya msuli. Waganga wanaotahiri bila kuuliza historia ya wajomba wa mtoto wamelijua hilo kwa njia ngumu.

Warfarini huzuia vigandishi vinavyotegemea vitamini K. Cha saba huisha kwanza kwa kuwa kinaishi saa chache tu, kwa hiyo PT hupanda mapema na INR huonekana nzuri kabla mgonjwa hajalindwa kweli. Isitoshe, protini C, ambayo ni breki ya kuganda, nayo huisha mapema. Ndiyo sababu mwenye bonge la damu mguuni hupewa heparini sambamba kwa siku tano au zaidi. Lengo la INR kwa wengi ni 2 hadi 3.

Saratani za damu zimebadilika mno kiasi kwamba mtihani wa shahada ya kwanza hauwezi kukudai zaidi ya mantiki. Lukemia sugu ya myeloidi ni mfano mzuri: kromosomu iliyoonekana Philadelphia mwaka 1960, Janet Rowley akaonyesha mwaka 1973 kwamba ni kipande kilichobadilishana nafasi kati ya namba 9 na 22, na mwaka 2001 ikaidhinishwa imatinibu, kidonge kinachoziba kimeng'enya kilichozaliwa na mabadilishano hayo. Limfoma ya Burkitt ni ya nyumbani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, aliieleza mwaka 1958 kwa watoto wenye uvimbe wa taya, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari maili 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini akitafuta mpaka wake. Mpaka huo ulifuata joto na mvua, yaani malaria tena. Kirusi cha Epstein na Barr kilipatikana kwenye uvimbe huo mwaka 1964. Uvimbe hukua upesi na huyeyuka upesi kwa dawa, ndiyo maana kabla ya dozi ya kwanza mtoto hupewa maji mengi na alopurinoli, figo zisizibwe na mabaki ya seli zilizokufa.

Baada ya yote hayo, vimebaki vya kukariri kweli, na ni vichache. Hb ya chini ya 13 kwa mwanaume, 12 kwa mwanamke na 11 kwa mjamzito ni upungufu wa damu. Heparini hupinduliwa na protamini; warfarini hupinduliwa na vitamini K. Na kimoja kisichojadiliwa kwenye diskasheni yoyote: mtoto wa Burkitt hupata metotreksati kwa sindano ya uti wa mgongo na vinkristini kwa mshipa, mara nyingine siku moja. Vinkristini ikiingia kwenye uti wa mgongo huua karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani linataka ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, ili mkono uliochoka saa nane usiku usiweze hata kuiunganisha na sindano ya mgongo.